Kuivika Nguo Nyumba ya Msonge

Watu wengi wakisikia kwamba kompyuta yaweza kuchora nyumba, hudhani kazi yote ni ya mashine, na kwamba mwanafunzi aketiye mbele yake hana la kufanya ila kubonyeza. Nimeona nitumie nafasi hii niliyopewa na mhariri kueleza sehemu moja ndogo ya kazi hiyo, ambayo imenifundisha mambo ya hesabu, ya jiografia na ya kwetu nyumbani, yote kwa pamoja. Sehemu hiyo ni namna ya kuvika ngozi juu ya kitu cha mviringo.

Kwanza nieleze maana ya ngozi. Katika chumba chetu cha kompyuta tunatumia programu iitwayo SketchUp, toleo la mwaka 2017, kwa kuwa toleo hilo hufanya kazi bila ya intaneti. Mtu akitaka kuchora nyumba kwa programu hiyo, huanza na umbo tupu: kuta, paa na milango, vyote vyeupe kama maboksi ya karatasi. Kisha huchukua picha ya kitu halisi, mathalan matofali, mbao au nyasi, akaimwaga juu ya ukuta. Programu huirudia picha hiyo kushoto na kulia, juu na chini, mpaka ukuta wote umefunikwa. Picha hiyo ndiyo niiitayo ngozi. Mmoja wa waliofungua njia ya kazi hii ni Edwin Catmull, aliyeieleza katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1974. Tena tasnifu hiyo ilihusu hasa nyuso za mviringo. Basi tangu mwanzo shida ilikuwa kwenye mviringo.

Ukuta ulionyoka hauna matata. Picha ni bapa na ukuta ni bapa, navyo hupatana kama kitambaa na meza. Pipa nalo halina matata makubwa, maana ukilikata ubavuni na kulikunjua hupata bati bapa. Hata pia hupatana na karatasi: kila mmoja wetu amekwisha kununua karanga zilizofungwa katika kipande cha gazeti kilichozungushwa kikawa pia, na alipomaliza kula alikikunjua kikawa gazeti tena, bila kuchanika.

Lakini chukua chungwa. Limenye vizuri kadiri uwezavyo, kisha jaribu kulaza ganda lake juu ya meza. Litapasuka pembeni, au litavimba katikati. Mtaalamu wa hesabu wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa tufe hauwezi kulazwa bapa bila ya kuharibu vipimo vyake, hata fundi awe hodari namna gani. Ndiyo maana ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani katika madarasa mengi, iliyobuniwa na Mercator mwaka 1569, huonyesha kisiwa cha Greenland kuwa karibu sawa na Afrika, hali kwa kweli Afrika ni kubwa kama mara 14 kuliko kisiwa hicho. Mercator hakuwa mwongo. Alitaka pembe za baharia zitoke sawasawa, akakubali ukubwa uharibike. Hapo pana fundisho ambalo nitalirudia mbele: avikaye kitu cha mviringo lazima achague ni jambo gani litakalobaki kweli na ni jambo gani litakaloharibika.

Sasa nieleze kwa nini mimi, mtoto wa kidato cha nne mwenye mitihani mbele yake, nilishughulika na jambo hili. Kwetu ni mkoa wa Kagera. Babu yangu ana nyumba ya msonge, ambayo ndiyo ya mwisho ya namna hiyo katika kitongoji chetu. Nyumba hiyo haina ukuta na paa mbalimbali. Nyasi huanza kileleni zikashuka mpaka karibu na ardhi, na umbo lake ni kama nusu ya yai. Mwaka huu baba zangu wadogo wamekubaliana kwamba baada ya mavuno itabomolewa, ijengwe nyumba ya matofali na bati. Sina haki ya kuwalaumu. Nyasi nzuri za kuezekea hazipatikani karibu tena, vijana wa kuezeka hawapo, na babu mwenyewe hawezi kupanda juu. Yeye hakukataa. Alisema tu kwamba nyumba nayo huzeeka. Nami nilipoambiwa na mwalimu wetu wa uchoraji kwamba kila mwanafunzi wa kikundi chetu achague jengo moja la kuonyesha siku ya wazazi, sikuwa na haja ya kufikiri.

Siku za likizo nilikuwa nimeipima nyumba kwa kamba na futi. Upana wake chini ni mita 8. Mjomba wangu alinipigia picha za nyasi kwa simu yake, naye alisimama mkabala na nyasi, wakati wa mawingu, ili kivuli kisiingie. Jambo hilo ni la maana, kwa sababu kivuli kimoja kilichomo katika picha kitarudiwa kila picha irudiwapo, na nyumba itaonekana kana kwamba ina jua mia.

Umbo lenyewe halikuwa kazi ngumu. Huchorwa duara chini, kisha huchorwa tao la ubavu wa nyumba, na programu huamriwa kuliburuta tao hilo kulizunguka duara. Lakini ni lazima msomaji ajue siri moja ya programu hii: haina mviringo wa kweli. Duara lake, usipoliamuru vingine, ni umbo la pembe 24, na mistari ya katikati hufichwa tu ili jicho lidanganyike. Tao langu nililigawa vipande 8. Kwa hiyo nyumba ya babu, ambayo kwa macho ni laini kama yai, kwa kweli ni vipande bapa 24 mara 8, yaani 192. Ukitoa amri ya kuonyesha mistari iliyofichwa, vyote huonekana, kama mifupa ya samaki.

Ukiisha kujua hilo, utaelewa njia tatu za kuvika ngozi.

Njia ya kwanza ni kumwaga picha juu ya umbo zima na kuiacha programu ifanye ipendavyo. Hapo kila kipande hupokea picha kwa upande wake, bila kumwuliza jirani. Nyasi za kipande hiki hukatika mpakani, na za kipande kifuatacho huanza pengine. Matokeo yake ni kama shuka ya viraka. Njia hii hufaa kwa kitu kisicho na mistari, mfano ukuta wa chokaa au mchanga, lakini nyasi zina mwelekeo, na viraka huonekana mara moja.

Njia ya pili ni ya kurusha picha. Huwekwa kibao bapa mbele ya nyumba, kikavikwa nyasi, kisha programu huambiwa kwamba picha hiyo ni ya kurushwa. Tena huchukuliwa chombo cha kunyonya rangi, mfano wa kibomba kidogo, ikanyonywa ile picha ya kibao na kumwagwa juu ya nyumba. Picha hupita moja kwa moja kama mwanga wa sinema na kuangukia umbo la mviringo. Kwa upande wa mbele hupendeza sana, wala hakuna kiraka. Hii ndiyo njia ya haraka, na mwenzangu mmoja wa kikundi aliitetea kwa nguvu.

Lakini tazama ubavuni. Mwanga wa sinema ukiangukia ukuta ulioinama, picha hunyooka. Wanafunzi wa hesabu wataweza kukisia: urefu mmoja wa picha hugawanywa kwa kosaini ya pembe ambayo uso umegeuka. Uso uliogeuka digrii 60 huvuta picha mara 2, na uliogeuka digrii 80 huivuta karibu mara 6. Ukigeuka digrii 90 kamili, hakuna picha tena, ila michirizi mirefu tu. Na michirizi hiyo hulala ubavu kuizunguka nyumba, kama mistari ya pipa.

Njia ya tatu ni ya kuvika kipande kwa kipande. Huchaguliwa kipande kimoja, na programu huonyesha pini nne juu ya picha yake: pini nyekundu ni ya kusogeza, ya kijani ni ya kukuza na kuzungusha, ya buluu ni ya kukuza na kuinamisha, na ya njano ni ya kupinda. Kwa pini hizo mtu aweza kuilazimisha picha ya mraba iingie katika kipande chembamba juu na kipana chini, kona kwa kona. Kisha hupanda kipande cha pili, na cha tatu, hata kileleni. Hapo nyasi zote hushuka kutoka kileleni hadi chini, na mipaka hupatana.

Nilichapa picha mbili, moja ya njia ya pili na moja ya njia ya tatu, nikaenda nazo nyumbani likizo iliyofuata. Baada ya shikamoo na marahaba, nikampa babu zote mbili, wala sikumwambia ipi ni ipi. Alikaa nazo kwa muda mrefu mlangoni penye mwanga. Kisha akaweka kidole ubavuni mwa ile ya kwanza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hapa maji yatapita wapi?"

Nikamwuliza maana yake. Akasema, "Nyasi zimelala. Mvua ikinyesha, maji yatasimama juu yake, yaingie ndani. Nyumba hii itaoza kabla ya mwaka."

Akachukua ya pili. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana nyasi zilishuka vizuri. Lakini kidole chake kilipofika karibu na kilele alicheka, akasema, "Huku juu mmeezeka kwa nywele za mtoto mchanga. Nyasi ni zile zile, mjukuu wangu, chini na juu. Unene wake haupungui kwa kuwa nyumba imekuwa nyembamba. Kinachopungua ni matita."

Akanieleza jinsi kazi ilivyofanywa. Mwezekaji huanza chini, akapanga matita kuizunguka nyumba, kisha hupanda na kuanza mzunguko mwingine juu yake, ili kila safu ya juu iifunike miguu ya safu ya chini. Kila apandapo, mzunguko huwa mfupi, na matita huwa machache. Kileleni kabisa, mahali ambapo mizunguko haiwezi tena kuzunguka, hufungwa kishungi kimoja cha nyasi, kufunika miisho yote.

Nilirudi shuleni nimepata jibu la hesabu kutoka kwa mtu ambaye hakupata kusoma hesabu. Ile pini ya njano ilikuwa imebana picha ya upana wa zaidi ya mita moja iingie mahali penye nafasi ndogo. Chini, kila kimoja cha vipande 24 kina upana wa kama mita 1.04, lakini mahali ambapo nyumba imebaki na upana wa mita 2 tu, kipande kina sentimita 26. Unyasi uliobanwa hapo ulikuwa umepungua unene hata robo. Njia hiyo inahifadhi mapatano ya mipaka, inaharibu ukubwa. Babu alitaka kinyume chake: ukubwa ubaki kweli, na kinachozidi kikatwe. Hilo ndilo chaguo nililolitaja katika habari ya Mercator.

Basi nikafanya hivi. Nilifuta umbo zima, nikaacha mkanda mmoja tu wa vipande 8, toka chini hadi kileleni, mfano wa ganda la pande moja la chungwa. Katika kila kipande niliweka picha kwa kipimo chake cha kweli, mita moja ya nyasi kwa mita moja ya nyumba, nikaizungusha kwa pini ya kijani mpaka nyasi zielekee chini, nisiiguse pini ya njano hata mara moja. Palipokuwa pembamba, picha ilikatwa na mipaka ya kipande, kama fundi wa nguo akatavyo kitambaa. Kisha mkanda huo niliufunga kuwa kitu kimoja, nikaunakili na kuuzungusha. Kwa kuwa 360 ukigawanya kwa 24 hupata 15, kila nakala hugeuka digrii 15. Lakini mkanda mmoja ukirudiwa mara 24 huonekana kama gwaride. Kwa hiyo nilitengeneza mikanda mitatu yenye nyasi mbalimbali, nikaipanga kwa zamu, kila mmoja ukatokea mara 8. Kazi ya kuvika vipande 192 ikawa kazi ya kuvika vipande 24 tu. Na pale kileleni, ambapo mikanda yote hukutana na ambapo programu zote za namna hii hupata taabu, niliweka kishungi. Kishungi kile kinafunika taabu ya kompyuta kama kilivyofunika taabu ya mwezekaji.

Nakiri kwamba mipaka ya mikanda haipatani kamili. Kwa nyasi haidhuru, kwa sababu nyasi za kweli nazo hazipatani. Lakini nisingemshauri mtu avike kuba la matofali kwa njia hii, maana mstari wa chokaa uliokatika huonekana toka mbali. Kila ngozi ina adabu yake.

Yule mwenzangu wa kikundi aliniambia, "Nani atakayetazama ubavuni? Siku ya wazazi watu watasimama mbele." Neno lake halikuwa la upuuzi, kwa sababu tulikuwa na muda mchache na umeme ulikuwa ukikatika. Lakini nilimjibu kwa habari ya jirani zetu wa Uganda, nami nairudia hapa.

Huko Kasubi, katika mji wa Kampala, kuna jumba kubwa la nyasi lililojengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, na ambalo tangu mwaka 1884 limekuwa kaburi la wafalme wa Buganda. Ndani ya kuba lake mna mizunguko 52, kwa hesabu ya koo 52 za Baganda, na kazi ya kuliezeka ni ya ukoo wa Ngeye. UNESCO ililiandika katika urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 liliteketea kwa moto. Kwa bahati njema, mwaka 2009 wapimaji walikuwa wamekwisha kulipima kwa mwanga wa leza, hata umbo lake likahifadhiwa katika kompyuta. Jumba lilijengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini vipimo peke yake havijui kuezeka. Ilibidi mikono ya watu waujuao ufundi ule iwepo, na vijana wafundishwe. Nyumba ya nyasi yaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Ikiisha kuondoka, watakaokuja nyuma watauliza picha, na picha itajibu kama ilivyofundishwa. Ikiwa nyasi zimelala ubavu katika picha, mtoto atakayeisoma atadhani babu zake hawakujua maji hupita wapi.

Nyumba ya babu haina ufalme wala haimo katika orodha yoyote. Lakini mdogo wangu ana miaka mitatu. Atakapofika umri wa kuuliza, msonge ule utakuwa umekwisha kuwa majivu ya jikoni, na pengine babu naye hatakuwepo. Atakachokuwa nacho ni hii kazi yangu, naye ataizungusha kwa kidole na kuitazama pande zote, kwani watoto hawasimami mbele peke yake. Mwenzangu alinyamaza, kisha akavuta kiti, akanisaidia mkanda wa tatu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kidato cha kwanza mtakaorithi chumba chetu cha kompyuta, nawaachia maneno haya machache. Kabla hamjamwaga picha juu ya kitu cha mviringo, ulizeni kwanza kitu hicho kilijengwaje, kilianzia wapi na kiliishia wapi, na maji, upepo au mkono wa fundi vilipita njia gani. Jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia mahali pa kukata, mahali pa kubana na mahali pa kuficha mshono. Programu itawapa pini nne na kibomba cha kunyonya rangi, lakini haijui juu wala chini, wala haijapata kunyeshewa mvua. Hayo mtayapata kwa wazee wenu, nao hawatozi ada.

Yeyote apendaye kuuona msonge wenyewe na afike katika chumba chetu cha kompyuta baada ya vipindi. Namwomba tu auzungushe, autazame ubavuni.